Nilifuta Majibu ya Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana hata barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta, na kufuta ndiko kulikonifikisha hapa.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, kazi yangu ni kutengeneza fomu na madodoso ya kwenye tovuti, za zahanati, za shule, za mafundi cherehani wanaotaka wateja waandike vipimo vyao wenyewe, na nisikudanganye, kuandika programu sijui hata mstari mmoja, siku hizi si lazima, unafungua ukurasa, unaburuta kisanduku cha jina hapa, cha tarehe pale, unapanga majibu ya kuchagua, unatia kinyota chekundu kwenye swali ambalo mtu haruhusiwi kuliruka, unabandika kwenye tovuti ya mteja, chai haijapoa umemaliza. Nyumbani wananiita Injinia, kwa utani, lakini utani huo naupenda.

Tumezaliwa wanne, kaka mkubwa, dada, mimi, na kitinda mimba wetu wa kiume. Baba alifariki miaka sita iliyopita na mama anaishi peke yake kwenye nyumba waliyoijenga pamoja. Mwezi uliopita alianguka uani akateguka kifundo cha mguu, tukashikwa na hofu, wote tukasema mama asikae tena peke yake, ila kila mtu na lake kuhusu aende kwa nani, simu zikawa kelele tupu, kaka na dada wakafika mahali pa kununiana, ndipo nikajitosa, nikasema niachieni mimi, nitatengeneza fomu, kila mtu ajibu kwa utulivu, wengi wape.

Ilinichukua nusu saa. Kisanduku cha jina, herufi zisizozidi thelathini, kisha swali moja, "Mama ahamie kwa nani?" na sisi wanne tumepangwa chini yake, mtu achague mmoja, na kote nimetia kinyota. Nikaiweka kwenye tovuti yetu ndogo ya familia, nikatuma linki kwenye kundi letu la simu, na katika kundi hilo mama naye yumo, lakini naapa hakuna aliyelikumbuka hilo, kwa kuwa mama huwa anasoma tu, hasemi kitu.

Yakaja majibu manane badala ya manne. Manne yalikuwa na majina yetu, manne programu iliyawekea alama kwamba majina yake hayamo kwenye orodha yetu ya wanne, yote yametoka kwenye simu moja, nikajisemea hao ni watoto wa kaka wamechezea simu, na programu ninayotumia ina kitufe cha kuondoa majibu ya watu wasio kwenye orodha, nikabonyeza bila kuyafungua. Kaka alipata kura tatu kati ya nne, nikatuma duara lenye rangi kuonyesha matokeo, nikapongezwa, kaka akapaka rangi chumba na kuagiza lori la Jumamosi ya wiki ijayo.

Juzi nikiwa nasafisha kapu la taka la programu nikayaona yale manne. Nakuandikia kama yalivyo, kila mstari ulikuwa jibu moja, ndani ya kisanduku cha jina:

Asanteni wanangu kwa kuniwaza
ila jibu langu halimo humu
mimi bado naweza kuishi kwangu
tengenezeni ngazi ya nyuma

Mshauri, mama yangu alikuwa karani wa mapokezi hospitalini miaka ishirini na saba, amejaza fomu za wagonjwa wasio na idadi, hawezi kuacha mahali pa lazima pakiwa wazi. Pa kuandika palikuwa pa jina tu, akaikatakata barua yake mpaka ikaingia, na kwa sababu alilazimika kuchagua mtoto, alituchagua wote, mmoja kila fomu, asije akaonekana amependelea. Nililia ofisini, mwenzangu wa meza ya pili akadhani nimefiwa.

Na kibaya zaidi ni hiki. Siku mbili kabla sijayaona, mama alinipigia simu akauliza, "Majibu yote mliyasoma?" Nikamwambia, "Yote, mama, na yameshahesabiwa." Akasema, "Haya mwanangu, basi sawa." Tangu siku hiyo anafunga vikombe kwa magazeti, jiko lake amempa jirani, na halalamiki.

Nikisema, kaka ataona nimempindua, dada atasema nilichezea kura, na nani atanipa kazi ya fomu akisikia nimefuta majibu ya mama yangu mzazi? Nikinyamaza, lori linakuja. Nimewaza nitengeneze fomu nyingine yenye kisanduku cha "Mengineyo", niwaambie ya kwanza ilikuwa na hitilafu. Nifanyeje?

Injinia

MSHAURI ANAJIBU

Injinia mwanangu, barua yako nimeirusha mbele ya nyingine kwa ajili ya hilo lori. Na nimekusoma mpaka mwisho, kwa hiyo sasa ninayo ruhusa ya kukasirika kidogo.

Kwanza nakuonea huruma, na ninaisema wazi. Ndugu zako walipokuwa wananuniana, wewe ndiye uliyetafuta njia ya amani, ukashika kifaa unachokijua. Hukukusudia kumdharau mama yako. Mwenye moyo mbaya angelimwaga lile kapu akaenda zake kulala.

Lakini unajilaumu pasipo penyewe. Kufuta ni kosa, sikatai, ila kosa kubwa ni swali. Mliuliza mama ahamie kwa nani, hamkuuliza kama anataka kuhama. Wote wanne mlilijibu swali hilo na hakuna hata mmoja aliyeona limepungukiwa. Kwa hiyo usibebe mzigo wa watu wanne. Wako ubebe.

Halafu ngazi. Mama ameteguka mguu kwa sababu ya ngazi mbovu, nyinyi mkaona ni uzee. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakufikiria kuna watu wataona heri kumhamisha mwenye ukuta. Nani kati yenu alikwenda uani kutazama pale alipoanguka? Kwenye barua yako sikumwona.

Fomu ya pili nakukataza. Itakuwa uongo juu ya uongo, na mama yako ataijua tu. Huyo amekaa dirisha la mapokezi miaka ishirini na saba, anaijua fomu inayouliza na fomu inayomficha mtu. Wateja wako usiwaambie, hayawahusu, ila kuanzia leo kila fomu yako iwe na nafasi ya mtu kusema lisilokuwemo, na usifute kitu usichokisoma. Dada akinuna, ameshazoea kununa. Kaka naye asikutie hofu, chumba kilichopakwa rangi hakiozi, mama atalala humo akija kuwaona wajukuu.

Mpigie kaka kesho asubuhi, mwambie lori lisimame. Mkutane wote kwa mama, uwasomee ile mistari minne, kisha asemwe nani kwa makosa? Hakuna. Aseme mama. Huenda akisikilizwa atachagua kubaki, huenda atachagua kwenda, vyote ni vyake. Siku hiyo hiyo mje na fundi mwashi wa kutengeneza ngazi, maana hata mgeni anaweza kuvunjikia pale.

Lakini nimesema kaka ni kesho. Leo nenda kwa mama, peke yako. Kinachomuumiza si kuhama. Anafunga vikombe akiamini kwamba wanawe wanne walisoma maneno yake, wakayahesabu, wakanyamaza. Aliyemwaminisha hivyo ni wewe, na hakuna mwingine wa kumtoa huko. Usimweleze habari za kitufe wala kapu. Kaa karibu naye umwambie, "Mama, hatukuyasoma. Niliyafuta mimi." Ukishasema hivyo nyamaza, hata akilia.