Mkwe Juu ya Magunia

Jumatatu, 21 Novemba 1994

Mvua imeanza Songea. Ya kweli, siyo ile ya kujaribu. Kesho safari ya Tunduru, mpaka Nakapanya, kukagua korosho kabla kampuni haijanunua. Zamani kazi hii ilikuwa ya ushirika peke yake. Sasa kila mwenye mzani na pikapu ni mnunuzi, na kampuni yangu ilinitoa Kilifi kwa sababu najua kupasua korosho na kusema hii nzima, hii imeoza.

Niko hapa mtaa wa Ruhuwiko tangu Agosti na bado naitwa Dada Mkenya. Wiki ya kwanza niliingia mgahawani nikasema nipe chai. Watu wakageuka! Hapa chai huombwa. Sasa naomba kila kitu, hata njia.

Leo nimekagua pikapu. Tairi za nyuma vipara. Mkanda uko mmoja tu, upande wa abiria mlangoni. Wa dereva ulikatika siku nyingi, na katikati hapajawahi kuwa nao. Makarius, dereva wetu, ananicheka, ati nakagua gari kama trafiki mwenye njaa. Nikamuuliza mkanda wake uko wapi. Akagusa rozari iliyoning'inia kwenye kioo. Sikubishana. Mtu na dini yake. Mimi najifunga.

Jumanne, 22 Novemba

Tunduru. Siku nzima barabarani, kiuno kimechubuka kwa mkanda. Makarius anaendesha vizuri — niandike na hilo. Penye utelezi anazima redio, anasema anataka kuisikia barabara. Tumepita lori limelala mtaroni, wenyewe wanapika ugali kando yake. Tukasimama kutoa pole, wakatukaribisha tule. Tukala.

Alhamisi, 24 Novemba

Nakapanya. Korosho kavu, nzuri. Nimepasua mpaka vidole vimebabuka.

Jioni tulikuwa tunakunywa chai, mara kikombe cha Makarius kiko mezani na mwenyewe hayupo! Kumbe amejibanza nyuma ya pikapu. Mama mmoja alikuwa anakuja na kapu lake, kitenge kipya, mwendo wa mtu anayeheshimiwa. Ndiye Mama Walburga, mama mkwe wake, mzazi wa Oliva, mkewe. Anakaa Matogoro, Songea. Alikuja huku kumwona mwanawe Polikarp, mwalimu wa shule ya msingi, na sasa anataka lifti ya kurudi.

Shikamoo. Marahaba. Akaniuliza mimi gari linaondoka saa ngapi. Nikaenda nyuma ya pikapu nikamuuliza dereva. Dereva akaniambia mimi. Nikarudi nikamwambia Mama. Hata kwetu mkwe ni mkwe, lakini sijawahi kufanywa simu.

Ijumaa, 25 Novemba

Tumepinduka. Mimi mzima. Mama Walburga ameumia, vibaya. Mkono wangu wa kushoto umevimba. Huu wa kuandikia hauna kitu, ni mimi tu siwezi.

Jumamosi, 26 Novemba

Kichwa kimetulia. Nieleze.

Jana asubuhi nilimfungulia Mama mlango wa mbele. Nafasi ni ya watu watatu. Akacheka kama vile nimemwambia avue nguo. Akae kiti kimoja na mkwewe, mkono wa gia unampita magotini? Nikasema basi nikae mimi katikati, yeye mlangoni. Hapana, bado ni kiti kile kile, na mgeni hasumbuliwi. Makarius alikuwa anaitazama tairi ambayo haikuwa na tatizo lolote. Nilingoja aseme kitu. Akaipiga tairi teke. Ataanzaje kumpangia mama mkwe pa kukaa? Polikarp akayapanga magunia ya sampuli, akatandika turubai, Mama akapanda juu kabisa na kukaa kwa raha zake. Mimi nikafunga mkanda. Asubuhi ile kila mtu alikuwa na adabu.

Hatukuwa tunakimbia. Kwenye mteremko malori yalikuwa yamechimba makorongo, pikapu ikaingia moja, ikakataa kutoka, kisha ikatoka yote kwa mpigo. Ikalala ubavu wa dereva, polepole, kama ng'ombe aliyechoka. Nikabaki nimening'inia kwenye mkanda, Makarius chini yangu, rozari inanipiga usoni. Mzima? Mzima. Wewe? Mzima. Tukacheka! Ndiyo, tulicheka. Halafu tukakumbuka nyuma.

Mama alikuwa kwenye majani, magunia mawili juu ya kifua, mguu mmoja umegeukia kusikofaa. Makarius alifika kwanza. Aliyatupa magunia kama mito ya kulalia. Halafu akasimama. Mama analia kwa sauti ndogo pale miguuni pake, naye amesimama, mikono hewani, ananiita mimi. Mimi mwenye mkono mmoja! Nilimvuta hivyo hivyo. Alipiga kelele. Huenda ni mimi niliyemzidishia.

Wanawake wakatoka mashambani, wakambeba kwa kitanda mpaka zahanati. Wanaume wakainua pikapu. Ilikohoa, ikawaka. Kioo cha mbele kina ufa toka pembe hadi pembe.

Nimemkasirikia Makarius. Nimemkasirikia na Mama. Halafu naukumbuka mkanda wangu na hasira inakosa pa kukaa.

Jumapili, 27 Novemba

Bado zahanati. Mganga, Bwana Abuu, hana maneno mengi. Kifundo cha mguu kimevunjika, hicho kitangoja. Mbavu hazingoji. Mama anakohoa damu. Akilala anakosa pumzi, lazima akae wima ameegemea mtu. Inatakiwa hospitali kubwa, upande wa Songea, upesi, inshallah. Nikauliza tumtandikie godoro nyuma? Alinitazama sana. Nyuma hapana, akasema. Nyuma kunarusha, na mvua hii. Ubavu ukiingia kwenye pafu mtakuwa mnasafirisha maiti.

Wanawake wa hapa wanaleta uji na pole. Mmoja, Bi Sharifa, amemkanda Mama mgongo na kumsomea dua. Mama akaitikia amina, akajipiga ishara ya msalaba, wote wawili wakaridhika.

Makarius hajaingia ndani. Anakaa kibarazani. Ameniomba nimwambie Mama anaomba msamaha. Nikaingia, nikasema. Mama akavuta pumzi kwa shida, akauliza amekula? Nikatoka kuuliza. Hajala tangu Ijumaa. Nikarudi. Mama akasema mwambie ale. Ukuta kati yao ni wa miti na udongo, kila neno linasikika pande zote mbili!

Jumatatu, 28 Novemba

Siku ya kupoteza. Polikarp, aliyetufuata kwa baiskeli baada ya ajali, alisimama barabarani tangu alfajiri kutafuta gari jingine. Hakuna. Malori yamekwama huko mbele, hayaji wala hayaendi. Gari ni hili letu, dereva ni huyu.

Mama amekataa. Atapanda nyuma kama alivyopanda mwanzo. Polikarp akapiga magoti. Mama, utakufa. Mama akasema, kwa vipande vipande, amezeeka bila mtu wa Matogoro kumnyooshea kidole, hataanza leo kubanana na mume wa mwanawe. Polikarp akatoka nje kulia.

Hapo nikapandisha hasira. Mimi si wa hapa, mila si yangu, nilijiapiza kutazama tu na kufanya kazi yangu. Lakini nilisema. Nilimwambia Mama kwamba kule nyuma alikaa Ijumaa na ndiyo maana yuko hapa. Nilimwambia kwamba Oliva atawalilia mama na mume kwa siku moja, maana Makarius hatakuwa mtu tena. Hata Bwana Abuu aliacha kuosha vyombo vyake.

Niliona aibu mara moja. Kumfokea mama wa watu, mgonjwa!

Halafu Mama akaniita. Akasema basi nikae mimi katikati, nimshike. Na itundikwe kanga kati yangu na dereva, ili nisiwe nimewakutanisha. Nikasema sawa kabla sijafikiri.

Nimefikiri baadaye. Kanga itamziba Makarius kioo cha kushoto. Na katikati hakuna mkanda. Kesho nitapanda gari lenye tairi vipara na kioo chenye ufa, dereva anaona upande mmoja, na mimi nimekaa mahali ambapo nikirushwa natokea mbele moja kwa moja. Naogopa. Naogopa kweli kweli.

Jumanne, 29 Novemba

Tumeondoka mapema. Polikarp amebaki na magunia, tairi hizi hazibebi zaidi. Kanga ya Bi Sharifa, nyekundu, imefungwa juu kwenye kishikio na chini kwenye kiti. Mama mlangoni, mkanda nimemfunga wa kiunoni tu, kifuani haugusi. Ananiegemea. Magoti yangu yana gia katikati. Mimi ndiye kioo cha kushoto: baiskeli kushoto! Mbuzi kushoto! Makarius anaitika ndiyo dada, ndiyo dada. Anaendesha kama amebeba mayai. Redio imezimwa tangu tulipotoka.

Mama: mwambie dereva asimame, nipumue. Makarius ameshakanyaga breki kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema ameshasimama.

Tunduru tumeipita. Mama anakohoa zaidi. Midomo haina rangi nzuri.

Mchana. Tumekwama. Siyo sisi tu, barabara yenyewe imeisha: dimbwi, matope, na miti iliyotupwa na waliotangulia. Ng'ambo kuna Landrova ya parokia, imetoka Songea, nayo haiwezi kuvuka. Dereva wake, Mzee Rupert, amepaza sauti, Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina, tukajibu. Ana sista mmoja anayekwenda Tunduru. Wamekubaliana na Makarius kubadilishana abiria: sista aje huku, Mama aende kule. Landrova igeuze na Mama leo hii hii.

Sista ameshavuka, gauni limekunjwa magotini, fimbo mkononi. Ni mzee sana. Mzee Rupert naye anasema mgongo wake mwenyewe ulikwisha zamani, akiinama hainuki. Nimejaribu mimi kutangulia kupima. Nimezama mpaka kwenye mapaja, na mkono huu haubebi hata ndoo. Hakuna kijiji karibu. Hakuna mtu.

Wote tumejua. Amebaki mmoja wa kumbeba.

Nimerudi ndani kumshika Mama asianguke. Naandika kwa sababu sijui pa kutazama. Makarius amevua viatu. Ameilegeza kanga, ameikunja vizuri, ameniwekea mapajani. Amezunguka gari. Sasa amesimama nje ya mlango wa Mama, mvua inamtiririka, ametupa mgongo sote wawili, Mama na mimi. Anatazama dimbwi.

Mama ameniuliza dereva ana nguvu? Nikasema anazo.

Ameuliza hatateleza? Nikasema sijui, Mama.

Nimemsikia anasema Salamu Maria mpaka katikati, akaishiwa pumzi. Halafu hakuniambia mimi. Amesema, kwa sauti ile ile ndogo ya kule kwenye majani:

"Makarius."

Sijawahi kumsikia akilitaja jina hilo. Makarius naye, nadhani.

Mama ametoa mkono wake dirishani. Uko hapo nje, unalowa.

Makarius amegeuka. Ameuona. Bado hajaushika.