Mashine Inayokunywa Mawese

Kisangani, bandarini

Mama Amina, pokea salamu zenye moshi.

Wakubwa wapya wa mji wamechukua mazuti ya mashine, donc basi fundi wa boti yetu amechanganya yaliyobaki na mawese. "Uhuru ni kujitegemea, papa!" ananiambia. Jana tulipoijaribu, mashine ilivuta kwa nguvu nusu, na moshi ulinukia samaki wa kukaanga hadi wamama wa sokoni wakaja na sahani. Leo baridi ya asubuhi imegandisha mawese, mashine imekataa. Mpishi anayapasha moto kwenye sufuria. Sasa mpishi huyo tunamwita "Injinia".

Ndoa ya Amina ni Jumamosi. Nitafika, hata kwa kupiga kasia na kitambi changu. Nikinukia kikaango, usininunie: hakuna mama mwingine aliyenipikia, ni mashine.

Mzee wako, Papa Amina