Haikuwa Mitungi, Kabale

Dada yangu Kabale,

Salaam aleikum. Najua hutaitikia, ila mdomo umezoea kukusalimia. Miezi ile tulipotibiwa saratani ya matiti pamoja, ulikaa hapa kwangu Isiolo kwa sababu kwenu Sericho ni mbali. Nywele zilipotutoka, ulivua mtandio ukasema, "Tazama, tumekuwa watoto wachanga!" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Tulipomaliza dawa, daktari alitusihi turudi kukaguliwa hata kama hatusikii maumivu. Uliitikia kwa kichwa. Tulipofika nje ukaninong'oneza, "Mtu amepona, anarudi hospitali kufanya nini? Ngamia wangu wananingoja."

Mimi nilikuwa narudi kliniki. Wewe kisima chenu kilikauka, ukawa unafuata maji mbali na mitungi mgongoni. Mgongo ulipoanza kukuuma nilikupigia simu, nikakubembeleza uje.

"Ni mitungi tu hii, dada. Itapoa."

Haikupoa. Walipokuleta hukuweza hata kukaa. Ugonjwa ulikuwa umerudi na kuingia kwenye mifupa. Ulinishika mkono ukasema, "Binti yangu Talaso usimwache." Basi.

Tangu tukuzike, siuamini mwili wangu. Nikiinama kumimina maziwa sokoni, bega likinichoma, nasikia sauti yako sikioni: "Ni mitungi tu." Wateja huniuliza kwa nini nimeacha kumimina. Kila nikipimwa naambiwa niko salama. Nasema alhamdulillahi, halafu nageuka nikuambie, na wewe hupo.

Wiki iliyopita Talaso alikuja. Nilikuwa nimemsumbua kwa simu tangu mvua iishe, maana daktari alisema binti ambaye mamake aliugua asingoje mpaka aone uvimbe ndipo apimwe. Nilimsubiri nje ya mlango wa kliniki, nimekaa kwenye benchi.

Alitoka akicheka. Kabale, ni kicheko chako chenyewe! Nilisimama kukutafuta.

"Hawajaona kitu, mama mdogo," akasema.

Nilimkumbatia nisiweze kumwachilia. Alijitoa polepole, akatengeneza mtandio wake, akarudi mlangoni na kumwuliza nesi, "Na nirudi lini tena?"

Hapo ndipo nilipolia, dada, mbele ya watu wote.

Mwenyezi Mungu akupe nuru huko uliko. Mtoto wako niko naye.

Dada yako wa Isiolo