Kijikapu Alichopewa Babu

Kishanda, Jumatano

Kaka Rwegasira,

Huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, migomba ya nyuma ya nyumba imebeba, na Mama bado anagombana na kuku wa jirani. Anasema umekonda kwenye ile picha uliyotuma.

Jumapili tunapata wageni kutoka Uganda, wajukuu wa yule mfalme aliyekuwa binamu wa Babu. Wamepiga simu kwamba watakuja na kigoda cha miguu ya shaba ambacho Babu alimzawadia mfalme wao. Sisi nasi tunatakiwa kuwapokea kwa kahawa ya kutafuna, ndani ya kijikapu cha shanga ambacho mfalme naye alimpa Babu siku ileile. Unajua wasipokiona watasema nini. Watasema tumeutupa undugu.

Nimefagia uwanja, nimenunua sahani mpya sokoni Nshamba. Kijikapu sina.

Mama alikiweka kwenye jeneza la Baba, chini ya mkono wake, kimejaa kahawa, ili asifike kwa wazee wake mikono mitupu. Nilikuwa nimesimama palepale. Ningemzuiaje siku ile?

Sasa amesahau. Kila asubuhi ananiuliza kama nimekitoa kabatini nikifute vumbi, nami namjibu ndiyo, Mama.

Nisamehe, kaka. Ulipokuwa umebeba jeneza upande wa kichwani, uliniuliza ni nini kinacholia humo ndani. Nilikuambia ni rozari.

Mdogo wako,
Benigna