Mchoro Uliochorwa Kutoka Kitini Kwangu

Kibera

Dada Rispa mpendwa,

Habari za nyumbani? Huku ni mvua na matope tu, lakini moyo wangu leo ni mweupe. Nilikuwa karibu kuacha mafunzo ya ushonaji. Kila siku nilitia uzi kwenye cherehani nikifuata mchoro wa ukutani, na kila siku uzi ulikatika. Wenzangu waliozoea cherehani walinicheka: "Mama Mideva, mmegombana na cherehani?"

Jana mwalimu wetu, Mama Halima, aliketi kwenye kiti changu, akautazama ule mchoro wake, akashika kichwa. "Wallahi, nilichora nikiwa nimesimama mbele ya cherehani, na wewe unakaa nyuma yake!" Kumbe sindano nilikuwa naitia uzi upande usiofaa. Akachora upya palepale juu ya katoni ya sabuni, na njia ya uzi akaishona kwa uzi mwekundu halisi. Nikaifuata kwa kidole. Cherehani ikakimbia, wenzangu wakapiga vigelegele.

Asante, dada, kwa kunilelea mwanangu Mideva. Bila wewe ningekuwa nimerudi nyumbani zamani. Sasa nabaki mpaka nimalize, halafu nitamshonea gauni. Mkumbatie sana kwa niaba yangu.

Mdogo wako anayekupenda,
Jerida