Pengo Kati ya Jocelyne na Firmin

Turffontein, Johannesburg
11 Mei 2025

Kwako Mjomba Gustave,

Salamu zikufikie huko Ohio, wewe na mkeo. Sisi tu wazima. Mama bado anashona kule Marshalltown. Mgongo unamuuma, naye hakubali kwamba unamuuma. Afya yako iko vipi? Nauliza kwa kuwa adabu inaniamuru, kisha nipite kwenye jambo lililoniketisha hapa.

Naandika kwa wino, maana ujumbe wa simu hufutwa kwa kidole kimoja. Tarehe 23 Agosti tunaondoa matanga ya Bibi. Desturi yetu unaijua: mtoto wa kwanza husimama mbele ya watu, humtaja mama yake, kisha huwataja wote aliowazaa, walio hai na waliokufa, ndipo msiba ufungwe. Mwaka jana, siku ya maziko, ulisimama ndani ya suti yako ya kijivu, ukatutazama, ukasema "samahani," ukaenda kukaa garini. Kitandani Bibi aliomba jambo moja tu: Parfait atajwe. Mdogo wako wa miaka saba, aliyefia njiani mlipokimbia Bukavu, asiye na kaburi, asiye na picha! Jina lake lisiposemwa kinywani mwako, litakaa wapi?

Ndiyo, ni mimi niliyesema langoni, watu wakisikia, "Amerika imemla mjomba wetu, ikatutemea suti." Maneno hayo sijayafuta. Misimu tisa ya mpira wa Kimarekani ulishangiliwa na maelfu. Je, katika sauti uliyowapa wao hakikubaki hata kipande kwa ajili ya mama yako? Njoo uyakanushe kwa kinywa chako.

Mpwa wako,
Benita

---

Dayton, Ohio
2 Juni 2025

Mpwa wangu Benita,

Barua yako nimeipokea, nikaisoma nimesimama, kama mtu anayesomewa mashtaka. Mimi sijambo, na mke wangu anawasalimu. Masomo yanaendeleaje? Mama yako aliniambia mlifunga lango la chuo wiki nzima kudai mabweni. Eish! Unaona, neno hilo lenu nimelishika.

Desturi naijua. Lakini Firmin naye ni mtoto wa mama. Mwambie asimame yeye. Anaimba kwaya, ana sauti nzuri. Mimi nitakuja, nitakaa nyuma.

Masomo yanaendeleaje? Mama yako aliniambia mlifunga lango la chuo wiki nzima kudai mabweni. Usinikasirikie, Jocelyne. Kaka yako siku hizi si mtu wa kusimama mbele ya watu.

Mjomba wako,
Gustave

---

Turffontein, Johannesburg
24 Juni 2025

Mjomba wangu,

Baridi imetubana hapa, hata chai hupoa kabla ya kufika mdomoni, lakini tunapumua. Natamani kujua hali yako, na safari hii siulizi kwa adabu.

Umeniuliza habari za masomo mara mbili, kwa maneno yale yale, kisha ukaniita kwa jina la mama. Nilimpa aisome. Aliweka mkasi chini, akasema, "Mwaka jana, tangu pale uwanja wa ndege, aliniita 'dada' tu, siku zote tatu. Nikadhani ni heshima."

Niambie kweli. Ni kichwa? Nimesoma maktabani habari za wachezaji wa mchezo wako waliopoteza kumbukumbu kwa kugongwa vichwa, na ninavyoendelea kusoma ndivyo ninavyoungua. Kama ndivyo, basi tusi langu lilikuwa kweli kwa namna nisiyoijua: Amerika ilikula, tena ilianza na ubongo! Nani aliyahesabu mapigo? Nani alikurudisha uwanjani akijua? Wako wapi leo waliopiga makofi? Sitanyamaza. Tutasimama barabarani na picha yako, wanafunzi wote, wenye viwanja vyao watusikie. Nipe neno moja tu la ruhusa.

Mpwa wako,
Benita

---

Dayton, Ohio
8 Julai 2025

Benita binti wa Jocelyne,

Nimeandika hivyo nikitazama mkono wangu, nitakueleza. Natumaini baridi imepungua na mgongo wa mama yako umemwachia. Hapa ni joto, nasi tunaendelea.

Ni kichwa. Daktari anasema anashuku, na kwamba uhakika hupatikana mtu akishakufa. Nikamwambia sina haraka ya kujua. Mwanga wa simu unanichoma macho. Kwa hiyo wino wako umenifaa kuliko ulivyokusudia.

Nilikuwa lainibeka, yule mlinzi anayesimama nyuma ya majitu ya mstari wa mbele. Watu hudhani kazi yake ni kugonga. Kugonga ni mwisho wa kazi. Kazi yenyewe ni kutazama mstari, kuona pengo kabla adui hajaliona, kisha kupaza sauti: wewe kushoto, wewe rudi, wewe funga! Watu kumi walisogea kwa sauti yangu. Mkononi nilivaa kitambaa chenye karatasi ya mipango ya siku. Leo nakivaa tena. Kina jina la mtaa wangu, la mke wangu, na majina yenu. Siku ya maziko nilikivua kwa sababu hakikuendana na suti. Ndiyo hiyo suti uliyoitukana, na uliitukana kwa haki.

Picha yangu barabarani, hapana. Usinifanye bango. Niliipenda kazi ile, Benita. Nilifika huku mkimbizi wa miaka kumi na saba, Kiingereza sijui, na pale uwanjani watu walingoja niseme ndipo wasogee. Wenye makosa wapo, wadai. Lakini usiwadai kwa kusema kwamba maisha yangu yalikuwa ujinga.

Parfait nilimbeba mgongoni siku tatu. Kuna siku naukumbuka uzito wake na jina silipati. Naogopa kusimama pale, jina lisije. Itakuwa nimemwacha njiani mara ya pili.

Mjomba wako,
Gustave

---

Turffontein, Johannesburg
27 Julai 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeamka vema. Mimi niliyezoea kupaza sauti langoni nimeisoma barua yako kwa kunong'ona, siku tatu. Yale niliyoyasema msibani nayafuta, na siku ile nitayafuta mbele ya wale wale walioyasikia. Bango nimelishusha. Madai sijayashusha, nitayabeba bila uso wako.

Sasa sikia. Suti ibaki Ohio. Mama amenunua vitenge Fordsburg vya sare ya familia, na shati lako amelishona mikono mifupi kwa makusudi: kitambaa chako kionekane. Watakaocheka watanikuta.

Tutasimama mbele yako mstari mmoja. Picha ya Bibi kwanza, mikononi mwangu, jina lake nitalitaja mimi; kisha mama, kisha Firmin, kwa kadiri mlivyozaliwa. Ukimtazama mtu, atataja jina lake, nawe utalirudia. Miaka tisa wengine walisogea kwa sauti yako. Hakuna aibu ikiwa leo wewe utasogea kwa sauti yetu. Kati ya mama na Firmin tutaacha nafasi ya kumtosha mtoto wa miaka saba. Pale hapatakuwa na mtu wa kukutajia. Jina liandike kitambaani ukipenda, sitakulaumu ukilisoma. Lakini kama kazi yako ilikuwa kuona pengo, nadhani utaliona kabla ya kuiangalia karatasi.

Firmin aliposikia umesema ana sauti nzuri, alishika kichwa: "Basi kaka ni mgonjwa kweli!" Tulicheka mpaka mama akalia.

Njoo.

Mpwa wako,
Benita

---

Dayton, Ohio
9 Septemba 2025

Mpwa wangu Benita,

Tulifika salama, nami ni mzima kwa kipimo changu. Shati la kitenge limetundikwa mlangoni. Mke wangu hataki kulifua, anasema bado linanukia moshi wa nyama zenu. Mgongo wa mama yako?

Nina jambo gumu la kukuambia. Siku yenyewe imeniponyoka. Nakumbuka baridi, na mikono ya watu mabegani mwangu. Nakumbuka mstari wenu. Baada ya hapo ni ukungu.

Nilimpigia mama yako. Akasema, "Kaka, ulisema vizuri sana." Lakini mama yako hata chakula kilichoungua hukiita kitamu. Firmin anasema niliunguruma kama uwanjani. Firmin ni Firmin.

Leo asubuhi nilitaka kubadilisha karatasi ya kitambaa, maana imechakaa. Nyuma yake nikakuta maneno ya wino, mwandiko ulioegemea kushoto, kama wa barua zako: "Ulimtaja Parfait. Hukusoma. B."

Nimekaa nayo tangu asubuhi. Wewe ulinishtaki mbele ya watu, msibani, bila kupunguza neno. Hukunibembeleza siku uliyodhani mimi ni mzima, na sidhani ungeanza kunibembeleza sasa. Kwa hiyo, ukiwa umeandika kwamba nilimtaja, basi nilimtaja.

Karatasi hiyo siibadilishi.

Mjomba wako,
Gustave