Tunda la Baba Njeri

Jumanne, 20 Novemba 2007

Soko la wakulima, saa moja asubuhi, kama kila Jumanne. Nimenunua matomoko, matunda damu na lokwati zilizoanza kunyauka. Yote nimeyatambua kabla ya saa nne. Orodha ya matunda adimu inarefuka. Mkuu wa sehemu yangu katika ofisi ya kilimo ataiwasilisha Januari, na mkataba wangu wa miezi sita unaisha mwezi huohuo. Nataka jina langu liwe kwenye jalada. Nataka kazi ya kudumu. Sioni haya kuliandika hapa.

Tunda moja limenishinda. Kijani, ukubwa wa chungwa, ganda jembamba na chungu. Ndani jeupe, laini kama siagi. Si pera. Si parachichi. Vitabu vyangu vyote viwili vimenyamaza. Muuzaji ni Mama Njeri, mjane wa Chepsaita.

Alhamisi, 22 Novemba

Nimerudi kwa Mama Njeri. Ana desturi ya pekee. Mteja hulila tunda hilo papo hapo kibandani, na mbegu huzitema katika mkebe wake. Hairuhusiwi kuondoka nazo.

Nilipomwuliza jina, alisema ni tunda la Baba Njeri. Marehemu mumewe alileta mbegu moja mfukoni kutoka shamba la mzungu alikokuwa kibarua. Akaipanda nyuma ya jiko, mwaka aliozaliwa binti yao Njeri. Mti ni huo mmoja. Mzee mwenyewe amezikwa chini yake.

Kwenye fomu, mbele ya "Jina la kienyeji", nimeandika: Halijulikani. Jina la mtu si jina la tunda.

Jumamosi, 1 Desemba

Chepsaita. Nimeuona mti. Mrefu kuliko nyumba, majani matano kwa kikonyo kimoja, kama vidole. Nimekata tawi na kulikandamiza kati ya magazeti. Nitalituma kwa wataalamu wa mimea Nairobi. Ili nilifikie tawi zuri, nilipanda juu ya kaburi. Mama Njeri aliniona.

Alinipa matunda mawili niyachunguze ofisini. Mbegu saba kwa jumla. Alitoa sharti.

"Hizi utanirudishia, daktari. Njeri anataka kupanda kwake. Na usiache zikauke. Ikikauka imekufa."

Ananiita daktari kwa mzaha. Sijamsahihisha.

Fomu ina nafasi ya "Imani za wenyeji". Nimeandika: Muuzaji anaamini kwamba mbegu ikikauka hufa. Mkuu hupenda mambo kama hayo.

Ijumaa, 14 Desemba

Mbegu zimekauka barabara. Karibu wiki mbili juani, juu ya trei, jinsi tulivyofundishwa kukausha mbegu za mahindi. Zikigongana zinalia kama kokoto. Nimezitia katika bahasha yenye namba na lebo. Mkuu ameiona, akasema ni kazi safi. Nimefurahi siku nzima.

Mama Njeri ameziulizia. Nimemwomba asubiri hadi taarifa ya Januari. Akasema sawa.

Nikiwa pale, mteja mmoja alimwambia auze haraka, kwa sababu mwezi ujao, kura ikishapita, atauzia kwao. Watu wakacheka.

"Kwetu ni Chepsaita," akajibu. "Wewe nunua nyanya uende."

Wakacheka zaidi. Nami nilicheka. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 24 Desemba

Soko limepungua. Vibanda vitatu vilivyopakana na cha Mama Njeri vimefungwa; wenyewe wamezihamisha familia zao hadi kura ipite. Yeye yupo. Nilimwuliza iwapo ataondoka.

"Na mzee nimuachie nani?"

Nilinunua matunda damu nisiyoyahitaji.

Jumapili, 30 Desemba

Matokeo yametangazwa jioni. Kutoka hapa nyumbani, Kimumu, naona moshi upande wa magharibi. Mwenye nyumba amepita mlango kwa mlango akiuliza majina. Langu lilitosha; ni la kabila la hapa. Karani wa chumba cha nne hakufungua. Alikuwa ameshaondoka, nguo zake bado kwenye kamba.

Jumatano, 2 Januari 2008

Moshi. Mawe barabarani. Mkate hakuna. Simu ya Mama Njeri haipatikani.

Jumatano, 9 Januari

Ofisi imefunguliwa. Tumefika wanne. Hakuna aliyeitaja orodha, na hata mimi nimeona aibu kuifungua.

Dereva alipita Chepsaita jana. Anasema nyumba za upande ule zimeungua zote. Nikamwuliza kuhusu mti mrefu nyuma ya jiko. Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili.

Jumatatu, 4 Februari

Nimempata. Yuko katika kambi ya waliofukuzwa makwao, hema la tatu kutoka kwenye tangi la maji. Matope kila mahali. Mkono wake wa kushoto umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

"Daktari. Kumbe uko."

Alinisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa. Waliukata mti kwanza, kisha wakachoma nyumba. Alidhani wangeanza na nyumba.

"Kwa kaburi sitafika tena. Lakini zile mbegu, uko nazo?"

Nilimwambia ninazo, saba zote, salama kwenye droo. Akaushika mkono wangu kwa ule wake mzima, akalia. Nilimwahidi kuziotesha mwenyewe nimletee miche, aipande popote watakapompeleka. Njia nzima ya kurudi nilijiona mtu mwema.

Alhamisi, 28 Februari

Redio inasema viongozi wamepeana mikono. Majirani wameshangilia uani.

Mikebe saba dirishani. Wiki tatu, na udongo haujapasuka hata katika mmoja. Nimechimba wa kwanza. Mbegu imelainika. Ndani kijivu. Inanuka. Hiyo sita sijaigusa. Naogopa.

Jumamosi, 15 Machi

Jibu la Nairobi limefika, limechelewa kwa sababu ya barabara. Casimiroa edulis. Asili yake Meksiko na Amerika ya Kati. Aya mbili za sifa. Kisha mstari wa mwisho: mbegu hazivumilii kukaushwa, zipandwe mara tu zinapotolewa kwenye tunda.

Nimetoa fomu yangu. Imani za wenyeji. Mwandiko wangu ni mzuri sana, herufi zote zimelala upande mmoja.

Yeye aliishia darasa la tatu. Mimi nina shahada. Wao waliukata mti. Mbegu nilizimaliza mimi.

Mikebe sita nimeimwaga leo. Yote ilikuwa na uozo uleule.

Jumapili, 20 Aprili

Nimekwenda kambini baada ya ibada. Watamhamisha wiki hii, hajui wapi. Ijumaa nilipewa barua ya kazi ya kudumu. Sikumtajia.

Nilimwambia kuhusu mbegu. Nilikuwa nimetayarisha maneno marefu. Nilisema tu kwamba hazikuota.

"Zilikauka?"

"Zilikauka, Mama."

Nilisubiri aseme kwamba alinionya. Alisogea kwenye gunia lake, akanipa nafasi, tukakaa. Baadaye akauliza iwapo watu wa Nairobi walilijua jina. Nikamtajia. Alijaribu kulitamka mara mbili, akashindwa, akatabasamu kidogo.

"Waambie ni la Baba Njeri."

Jioni nimeifungua tena fomu. "Halijulikani" nimelifuta, na jina nimeliandika. Maneno yake kuhusu mbegu nimeyaondoa kwenye imani, nikayaweka chini ya maelekezo ya kupanda, pamoja na jina lake.

Fomu inauliza pia idadi ya miti. Desemba niliandika 1. Nimeikata kwa mstari mmoja mwembamba, ili bado isomeke.